Nauli ya Kuacha Unga: Hesabu ya Kutoka Kona Baridi Hadi Ngara

Kona Baridi unapajua. Hata kama hujawahi kushuka pale, umepaona kwenye simu ya mtu: barabara ya Magadi imepinda ukingoni mwa milima ya Ngong, upepo unataka kukuvua kofia, na mbele yako Bonde la Ufa limefunguka hadi macho yanachoka. Wikendi wasee wa Nairobi huja kupiga picha, kisha wanateremka Olepolos kula nyama. Jumatatu pale panabaki na wenyeji, mbuzi na baridi yake.

Leo nataka upatazame kwa jicho lingine. Sisemi Kona Baridi ndiyo maskani ya unga katika Kajiado, la hasha. Nimepachagua kwa sababu ya kilomita. Kutoka pale hadi katikati ya Nairobi ni zaidi ya kilomita 30, na kwa mtu anayejidunga heroini ambaye ameamua kuacha, kilomita hizo zinaweza kuwa ngumu kuliko uamuzi wenyewe.

Tuseme ni binamu yako. Mmekua pamoja, mmecheza mpira pamoja, sasa anakaa chumba kimoja huko juu na mikono yake haikunjui mikono ya shati hata jua likiwaka. Jioni moja anakaa karibu nawe na kusema amechoka, anataka kuacha. Hakuna kelele, hakuna machozi. Kachoka tu.

Una saa ngapi?

Si swali la mafumbo. Heroini haikai mwilini muda mrefu. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho, arosto inaanza: pua inatiririka, miayo, jasho na baridi kwa pamoja, tumbo linakoroga, mifupa inauma kana kwamba mtu anaipiga nyundo kutoka ndani. Siku ya kwanza hadi ya tatu ndizo mbaya zaidi, na nguvu yake hupungua baada ya wiki hivi. Kwa hiyo mtu aliyekuambia saa mbili usiku kwamba anataka kuacha, kufika asubuhi mwili wake mwenyewe unampigia kelele arudi. Dirisha lile limefunguka usiku mmoja. Sasa tuone mfumo wetu unahitaji siku ngapi kulipitia.

Dawa ipo

Hapa ndipo wengi hushangaa. Kwa uraibu wa heroini, tofauti na dawa nyingi nyingine za kulevya, kuna dawa halisi ya hospitali. Inaitwa methadoni. Nchini Kenya hutolewa kama maji ya kunywa, unakunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na inakaa mwilini zaidi ya saa 24. Haikupi ile stimu ya sindano. Inachofanya ni kuzima arosto, kwa hivyo unaamka kama mtu wa kawaida na siku yako haianzi kwa kutafuta kete. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, orodha ile ile yenye dawa za malaria na za kifua kikuu.

Kuna watu watakuambia kwamba huko ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Nimeisikia hoja hiyo kanisani, nimeisikia kwenye matatu, na sitaki kuidharau, maana kweli mwili unaizoea methadoni. Lakini waulize hivi: mgonjwa wa kisukari anayedunga insulini kila siku, naye ni mraibu? Tofauti kati ya mtu anayekunywa kikombe kidogo saa mbili asubuhi akaenda kazini, na mtu anayejidunga mara tatu au nne kwa siku kwa sindano aliyoipokea kwa mwenzake, hiyo haihitaji mtaalamu kukueleza.

Sindano ya kupokezana ndiyo iliyoifanya serikali iamke. Mwaka 2012 makadirio ya serikali yalisema Wakenya wanaojidunga ni takriban 18,000. Miongoni mwao, karibu 18 katika kila 100 walikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati ambapo kwa watu wazima nchini kwa jumla walikuwa kati ya watano na sita. Kwa wanawake wanaojidunga hali ilikuwa mbaya zaidi ya mara mbili ya wanaume.

Na usijidanganye kwamba hii ni shida ya Pwani peke yake. Sisi wa bara tumekua tukiamini unga unaanzia Likoni na kuishia Mtwapa. Kliniki ya kwanza ya methadoni Kenya haikufunguliwa Mombasa. Ilifunguliwa Nairobi, katika hospitali ya Mathari, Desemba 2014. Malindi ilifuata mwanzoni mwa 2015. Baadaye zikaja za Kisauni, Ngara, Karuri kule Kiambu, Kisumu na kwingineko.

Soma orodha hiyo tena ukiwa umesimama Kona Baridi. Mathari iko barabara ya Thika, upande wa pili kabisa wa jiji. Karuri ni mbali zaidi kwa mtu wa Kajiado. Unabaki na Ngara.

Piga hesabu

Methadoni yenyewe ni ya bure. Hilo ni jambo zuri na lisisahaulike. Ila bure hiyo iko dirishani, na dirisha liko Ngara, na binamu yako anatakiwa afike pale kila siku. Jumapili pia. Krismasi pia.

Kutoka Kona Baridi unadaka gari la Magadi au boda hadi Kiserian. Kiserian unapanda 126, mnapita Rongai na foleni yake, mnafika tauni, halafu unatembea hadi Ngara. Tuseme yote hayo ni shilingi 200 kwenda na 200 kurudi, siku ambayo mvua haijanyesha na makanga hajapandisha. Mia nne mara siku 30 ni 12,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya nyumba ya mtu. Wa Kitengela ana hesabu yake inayokaribiana na hiyo. Wa Kajiado mjini, karibu kilomita 80 kutoka Nairobi, hata usimwambie apige hesabu, utamvunja moyo.

Najua swali lako, maana ni la kila mtu: si alikuwa akipata pesa ya unga kila siku? Alikuwa akipata, ndiyo. Na unajua alikuwa akiipata vipi. Kuosha gari la mtu, kuomba, kuuza chuma chakavu, simu iliyopotea kwa jirani, sufuria ya mathe iliyotoka jikoni na haikurudi. Matibabu yanamwambia aache maisha hayo yote leo, halafu kesho atafute mia nne kwa njia halali kabla ya jua kuchomoza. Nipe mtu yeyote mzima wa afya, mwenye cheti, nimwone akifanya hivyo kwa mwezi mmoja.

Halafu kuna saa. Ili awahi, anatoka alfajiri. Akikunywa dawa yake na kurudi, ni karibu saa sita mchana. Fundi gani wa mjengo atamngoja kibarua wa saa sita? Kwa hivyo ile kazi ambayo ingelipa nauli inazuiwa na safari yenyewe. Wengine hutatua jambo hili kwa kuhamia mjini, karibu na kliniki, na huko mjini wanajikuta karibu na maskani pia, wakilala jirani na watu wale wale waliokuwa wakiwakimbia.

Akikosa siku moja, mwili utamkumbusha. Akikosa tatu au zaidi mfululizo, kliniki hairuhusiwi kumpa tu kiwango chake cha zamani, kwa sababu mwili umeanza kupoteza uzoefu na dozi ile ile inaweza kumdhuru. Wanamrudisha chini na kupanda polepole. Kwa kawaida mtu huanza na miligramu 20 au 30 na kupandishwa taratibu hadi kati ya 60 na 120. Katika zile wiki za chini, arosto bado inachungulia. Ndipo mtu hukata tamaa. Na kama anatibiwa kifua kikuu, ujue kwamba rifampisini, dawa kuu ya TB, huifanya methadoni iishe haraka mwilini, hivyo dozi yake inahitaji kuangaliwa upya. Asipowaambia wahudumu, au wasipomuuliza, atadhani dawa haimfanyii kazi.

Kabla ya dirisha

Hata hivyo nimeruka hatua. Huwezi kuamka tu ukatokea Ngara na kuomba kikombe. Kwa utaratibu wetu, unapitia kwanza shirika la kijamii linalofanya kazi mitaani na watumiaji. Wahudumu wake, baadhi yao ni watu waliowahi kujidunga, ndio wanaokuandikisha, kukupa ushauri, kukuandaa na kukupeleka. Kisha unapimwa: mkojo, Ukimwi, homa ya ini, kifua kikuu. Kuna sababu nzuri kwa kila kipimo. Kuanza methadoni ukiwa umechanganya na pombe au vidonge vya usingizi kunaweza kukuua, basi hakuna daktari atakayekumiminia tu. Lakini siku kadhaa zinapita, pengine wiki, na wewe unakumbuka dirisha letu lilikuwa la usiku mmoja.

Mashirika hayo yaliishi kwa pesa za wafadhili, hasa mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi na Mfuko wa Dunia. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo vya mtaani vikafunga milango na wahudumu wakaambiwa waende nyumbani. Yule msee aliyekuwa akijua maskani zote, anayejua nani amelazwa na nani amepotea, ambaye ndiye aliyekuwa daraja kati ya chumba cha binamu yako na dirisha la Ngara, akawa hana kazi. Chupa ya dawa inaweza kuwa imejaa kabatini na bado hakuna wa kumleta mgonjwa.

Mjomba atasema apelekwe rehab

Kikao cha familia kikiitwa, hiki ndicho kitakachopendekezwa kwanza. Kajiado haina uhaba wa mabango. Pita Ngong, Rongai, Kiserian, Kitengela, utayaona yakielekeza kwenye nyumba zenye kuta ndefu na jina lenye neno la matumaini. Nyingi ni za watu binafsi na bei ni makumi ya maelfu kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Familia inachanga, mathe anauza ng'ombe, shangazi wa Marekani anatumiwa ujumbe.

Kiswahili chetu chenyewe kimetuponza hapa. Tunaviita vituo vya kurekebisha tabia. Tabia! Kama mtu anayetema mate ovyo. Ukishaamini ni tabia, unaamini kwamba kumfungia, kumwombea na kumwamsha saa kumi na moja kufagia uwanja kutatosha.

Sitavipaka vyote matope. Kuna watu wametoka huko wakiwa wazima, hasa waliokwenda kwa sababu ya pombe. Ila kwa heroini kuna hatari ambayo familia nyingi hawaambiwi, na ningependa uikariri. Mtu akikaa siku 90 bila unga, mwili wake unasahau. Kile kipimo alichokuwa akijidunga bila shida sasa ni sumu. Akitoka bila dawa yoyote ya kumkinga, akakutana na wenzake, akaweka kipimo cha zamani "mara moja tu", anaweza kuacha kupumua sindano ikiwa bado mkononi. Ni hivyo hivyo kwa anayetoka jela. Familia inazika na kusema alikuwa hasikii, eti pesa zote zile. Kumbe wiki ya kwanza nje ya geti ndiyo iliyokuwa ya kulindwa kuliko zote.

Kwa hivyo kikao kikikaa, uliza kituo kile kama kimesajiliwa na NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya. Uliza kama kina muuguzi usiku wa arosto. Uliza akitoka anaunganishwa na nani. Wakikujibu kwa hadithi za nidhamu peke yake, weka pesa mfukoni kwanza. Kuhusu bima, SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kidogo, ndiyo, lakini asiye na ajira hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na lazima awe na kitambulisho. Kitambulisho cha mtu anayelala nje huwa kimeshapotea au kimewekwa rehani.

Sindano mfukoni

Kenya ilianza mpango wa kugawa sindano safi baada ya 2012, huku baadhi ya viongozi wa dini wakipiga kelele kwamba ni kufundisha watoto kujidunga. Wakati huo huo, sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inafanya kuwa kosa kukutwa na vifaa vya kutumia heroini. Mkono mmoja wa serikali unakupa sindano, mwingine unakukamata nayo. Mwenye akili, ukiwa na njia mbili hizo, unafanyaje? Unaitupa haraka, na arosto ikija unaazima ya mwenzako.

Ndiyo maana pia wengi hawaendi zahanati hata wakiwa na jipu mkononi linalonuka. Wanajua watakavyoangaliwa. Mshipa haupatikani, muuguzi anaita mwenzake aje aone, foleni nzima inageuka. Neno "teja" linatoka mdomoni mwa mtu mwenye koti jeupe, na huyo hatarudi tena pale. Kwa mwanamke ni maradufu, ndiyo maana wanaume wamejaa kwenye madirisha ya methadoni na wanawake unawahesabu kwa vidole. Atamwacha mtoto na nani alfajiri ile? Na akijulikana, je, hao ndugu watamwachia mtoto?

Wengine walifanyaje

Majirani zetu walitutangulia. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni Februari 2011, ya kwanza kwa bara la Afrika kusini mwa Sahara kama mpango wa serikali. Hawakubaki Dar. Leo dawa hiyo inapatikana Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga, Arusha. Mtu wa Mbeya halazimiki kuhamia Dar ili aache unga.

Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Katikati ya miaka ya tisini waliwaruhusu madaktari wa kawaida wa mtaani kuandika buprenofini, dawa nyingine ya kundi hili, kama wanavyoandika dawa ya presha. Kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha heroini vilishuka kwa takriban asilimia 79. Hakuna kliniki za ajabu zilizojengwa. Dawa ilisogezwa tu karibu na mgonjwa.

Nasi tuna historia yetu ya kutufundisha, ingawa hatuizungumzii. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 unga uliadimika ghafla Pwani. Wengine walishangilia. Mitaani Mombasa na Malindi, mamia ya watu waliingia arosto kwa wakati mmoja bila dawa wala mahali pa kwenda, hospitali zikafurika, na Msalaba Mwekundu ukaitwa kusaidia. Kukata unga bila kuleta tiba si ushindi.

Kwa Kajiado jambo lenyewe si kubwa kiasi cha kutisha. Ngong ina hospitali ya kaunti ndogo. Kitengela ina yake. Kajiado mjini kuna hospitali ya rufaa. Kabati lenye kufuli, mfamasia aliyefunzwa, rejista, na gari la kuleta chupa kutoka Nairobi. Na kwa aliyetulia miezi mingi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unaruhusu apewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Hata siku mbili tu kwa wiki zingempunguzia yule wa Kona Baridi nauli ya siku nane au tisa kwa mwezi. Bajeti ya kaunti hupitia vikao vya umma kila mwaka, na vijana huwa hatuendi. Nenda, ukaulize swali hilo moja, uliandike pia kwenye karatasi.

Na ile jioni binamu anapokaa karibu nawe, piga 1192, laini ya bure ya NACADA, uulize aanzie wapi karibu yenu. Usimwache alale peke yake. Ukimkuta amezidisha utajua: anakoroma vibaya au hapumui vizuri, midomo imekuwa ya samawati, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, humwamshi. Usimmwagie maji baridi, usimnyweshe maziwa, usimdunge maji ya chumvi. Ikiwa hapumui, mpulizie pumzi mdomoni. Akipumua, mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Kuna dawa inayoitwa naloksoni ambayo humrudisha mtu ndani ya dakika chache, na ikiwa kituo cha karibu kinayo, apewe. Lakini nguvu yake huisha kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na heroini bado imo mwilini, kwa hivyo hata akiamka akikutukana kwamba umemharibia stimu, mpandishe kwenye gari. Kutoka Kona Baridi, barabara inayoteremka Kiserian ina kona nyingi. Mwambie dereva akimbie taratibu.